"Mwalimu, tunahitaji jina lako tu"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu uongozi wa mashirika yanayotetea haki za watoto, hasa yale madogo yaliyosajiliwa ngazi ya wilaya na mkoa, ambayo sisi wa Bagamoyo hatujapungukiwa nayo. Barua yangu ni ndefu kidogo. Ukilazimika kuipunguza, nakuomba upunguze huku mwanzoni, usiguse mwisho.

Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya alasiri, walifika nyumbani kwangu Dunda vijana watatu, wa kiume wawili na binti mmoja, ambao wawili kati yao niliwafundisha hesabu darasa la sita. Tulipomaliza shikamoo na marahaba na kuulizana hali za wazazi, mkubwa wao alinieleza kwamba wanasajili shirika la kutetea haki za watoto wanaoacha shule na kushinda soko la samaki wakipaa samaki, wakibeba ndoo na kusubiri mashua za alfajiri. Katiba walikuwa nayo, imechapwa vizuri. Waasisi na saini zao walikuwa wamekwisha kupatikana. Kilichobaki kilikuwa mwenyekiti wa bodi, na ndipo yule kijana akasema, kwa adabu zote na bila nia yoyote mbaya: "Mwalimu, kazi haitakuwa nyingi. Tunahitaji jina lako tu."

Niliwaambia warudi baada ya siku kumi. Barua hii imetokana na jibu nililowapa, nami naileta gazetini kwa kuwa najua ombi kama lile hupelekwa mara kwa mara kwa mwalimu mstaafu fulani, sheikh fulani, mchungaji fulani au mama fulani anayeheshimika mtaani, na wengi wetu tunakubali kwa sababu tunaona kukataa ni kuwavunja moyo vijana.

Mimi nilikwisha kukubali mara moja. Baada ya kustaafu nilikaa miaka mitano katika bodi ya shirika moja la watoto, ambalo sitalitaja jina kwa sababu waliomo leo si wale tuliokuwamo, na kwa sababu mtoto nitakayemsema ana haki ya kutotambulikana. Tulikuwa wajumbe saba, watu wazima wenye heshima zetu, na mkurugenzi ambaye ndiye mwasisi wa shirika alikuwa pia katibu wa bodi. Kwa mujibu wa katiba tulipaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Ukweli ni kwamba tulikutana mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya mkaguzi wa hesabu kufika, na vikao vingine vitatu tuliletewa nyumbani kwa bodaboda: kijana anashuka, anakupa bahasha yenye muhtasari wa kikao ambacho hukukaa, anakuonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini, kisha anakukabidhi nauli ya kikao. Nilitia saini. Nauli pia niliipokea, ingawa sikwenda popote. Nayaeleza haya ili msomaji asidhani kwamba ninawanyooshea wenzangu kidole huku mimi nimekaa pembeni.

Ningependa kuwa mwadilifu kwa yule mkurugenzi. Hakuwa mwizi, na hesabu zake zilipita kwa mkaguzi kila mwaka. Alikuwa mtu wa kuamka usiku wa manane kwenda stendi kumchukua mtoto aliyetelekezwa, akamlaza nyumbani kwake mwenyewe mpaka asubuhi. Ubaya wetu ulianzia hapo hapo kwenye wema wake, kwa kuwa kila mmoja wetu aliona kwamba kumwuliza mtu wa namna hiyo swali gumu ni kumkosea adabu, na yeye naye, kwa kutoulizwa miaka nenda miaka rudi, akazoea kuamua peke yake.

Ikatokea kwamba mtoto wa kike wa miaka 13 aliyekuwa akilelewa pale alimwambia mpishi jambo alilofanyiwa na dereva wa shirika, jambo ambalo mtu mzima hamfanyii mtoto. Mpishi alimwambia mlezi, mlezi akamwambia mkurugenzi. Mkurugenzi alimwita dereva, akamkaripia, na mwezi uliofuata akamhamishia mradi mwingine, wilaya nyingine. Mtoto alirudishwa kwa shangazi yake akiwa na begi jipya la shule na sare mbili. Hakuna aliyekwenda kwa ofisa ustawi wa jamii, hakuna aliyefika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na sisi wa bodi hatukuambiwa neno. Mimi nililipata baada ya miezi minane kutoka kwa bibi mmoja mkaanga samaki, aliyeniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, yule dereva wenu mmemficha wapi?"

Kikao tulichokaa wiki ile kilikuwa cha kwanza kuitwa na sisi wenyewe badala ya kuitwa na katibu. Mkurugenzi hakukana. Alisema kwamba kama habari ile ingetoka nje, mfadhili angefunga mradi, na watoto wote waliokuwa chini yetu wangerudi mitaani. Je, tulitaka wote wadhurike kwa ajili ya mmoja? Mjumbe mmoja, mtu wa makamo ninayemheshimu mpaka leo, akaongeza ile kauli yetu ya pwani ya funika kombe mwanaharamu apite. Tulibishana hadi magharibi. Taarifa ilipelekwa ustawi wa jamii hatimaye, lakini dereva alikuwa amekwisha kuacha kazi na hakuonekana tena, shangazi alikuwa amehama, na mpishi aliyekuwa shahidi wa kwanza alikuwa ameachishwa kazi kwa sababu iliyoandikwa kuwa "kupunguza gharama". Nilijiuzulu kwa hasira, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa kujiuzulu kule, mpaka nilipojiuliza kulimsaidia mtoto gani.

Hoja ya mkurugenzi inastahili kujibiwa, kwa sababu si yake peke yake. Kwanza, sheria haikumpa nafasi ya kuchagua. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtwika kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kinamhusu mchuuzi wa dagaa sawasawa na mkurugenzi mwenye shahada mbili, na hakikuweka nafasi ya kungoja mfadhili apoe. Pili, hesabu ya mmoja dhidi ya wote haikuwa hesabu ya kweli, kwa maana dereva hakuachishwa kazi, alihamishiwa kwa watoto wengine. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, yule binti alikuwa amefanya jambo ambalo watoto wengi hawalifanyi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu nusu ya wasichana hao na zaidi ya nusu ya wavulana hawakumwambia mtu yeyote. Yeye alisema. Alimchagua mtu mzima aliyemwamini, akasema, na jibu alilopata kutoka kwa shirika la kutetea haki zake ni begi.

Begi lile limenifundisha tofauti ya maneno mawili tunayoyachanganya kila siku, hisani na haki. Hisani hutoka moyoni mwa mtoaji, naye ana hiari ya kutoa au kuacha, na anayepokea hana la kufanya ila kushukuru. Haki haingoji moyo wa mtu. Mwenye nayo anaweza kuidai hata kwa yule anayemlisha. Shirika letu liliandika "haki" kwenye bango la barabarani lakini liliongozwa kwa hisani, na katika nyumba ya hisani mtoto anayelalamika huonekana hana shukrani. Nadhani viongozi wengi wa mashirika haya hawajawahi kukaa chini wakajiuliza ni lipi kati ya maneno hayo mawili linalotawala ofisi zao.

Mji wetu ungeweza kuwafundisha. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walipata ardhi hapa Bagamoyo na kujenga misheni ambayo ilipokea watoto waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wamenunuliwa katika soko la watumwa la Unguja. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka kwa waumini wa Ufaransa kupitia chama cha Utoto Mtakatifu, na waumini hao walitaka kusikia habari za watoto waliowakomboa, hivyo barua zikawa zinakwenda na fedha zikawa zinakuja. Sitaki kubeza kazi ile. Wapo wenzetu hapa mjini ambao babu zao waliokolewa nayo. Ila watoto wale walilimishwa mashamba, walifundishwa ufundi na dini, wakapangiwa wa kuoana nao na nyumba za kukaa, na katika yote hayo mpangaji hakuwa mtoto. Zaidi ya miaka 150 imepita, na bado kuna mashirika ambayo taarifa zake zinaandikwa kwa ajili ya msomaji aliye ng'ambo ya bahari, yakiwa na picha ya mtoto aliyevaa nguo iliyochanika, picha ambayo mama yake akiiona ataona haya. Watalii wanaoshuka hapa kuangalia magofu ya Kaole wanapelekwa pia kuangalia watoto, wanapakata, wanapiga picha, wanaondoka. Nani katika bodi aliulizwa? Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, lakini mwenyeji anayepona hapo sina hakika kama ni mtoto.

Nisije nikaonekana naona dosari za kwetu tu. Shirika la Save the Children lilianzishwa London mwaka 1919 na Eglantyne Jebb pamoja na dada yake Dorothy Buxton, na ni Jebb huyo aliyeandaa Azimio la Geneva la Haki za Mtoto ambalo Shirikisho la Mataifa lililipitisha mwaka 1924, kabla Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Huwezi kupata shirika lenye nasaba bora kuliko hiyo katika jambo hili. Hata hivyo tume ya Uingereza inayosimamia mashirika ya hisani ilitoa taarifa Machi 2020 ikililaumu tawi la Uingereza la shirika hilo kwa udhaifu mkubwa katika namna lilivyoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi wanawake, ya mwaka 2012 na 2015, dhidi ya viongozi wake wa juu.

Mfano wa Liberia ni mzito zaidi. Mmarekani Katie Meyler alianzisha shirika la More Than Me kusomesha wasichana maskini wa Monrovia. Alisifiwa duniani kote, akapata fedha nyingi, na shule yake ilipofunguliwa mwaka 2013 Rais Ellen Johnson Sirleaf alihudhuria. Mtu aliyekuwa mkono wake wa kulia pale, ambaye ndiye aliyekuwa akiwateua wasichana wa kuingizwa shule, alikamatwa mwaka 2014 kwa kuwabaka baadhi yao, na alikufa mwaka 2016 kabla kesi haijafika mwisho. Waandishi wa ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, walipoyaanika mambo hayo Oktoba 2018 ilionekana wazi jinsi watu wenye dhamana ya kusimamia walivyozidiwa na jina na mvuto wa mwasisi, na mwaka uliofuata Meyler alijiuzulu. Niliposoma habari ile nilimkumbuka dereva wetu. Tofauti ilikuwa ukubwa wa fedha tu.

Sasa nirudi kwenye bodi, kwa sababu nimekwisha kuamini kwamba ugonjwa uko pale. Katika mashirika yetu mengi mwasisi ni mkurugenzi, mkurugenzi ni katibu wa bodi, katibu ndiye anayeandaa ajenda, na wajumbe wamechaguliwa na yeye kutoka kwa watu wanaomheshimu au anaowadai wema. Mweka hazina huwa shemeji. Bodi ya namna hiyo haiwezi kumwambia mkurugenzi "hapana", na kwa maoni yangu kazi zote nyingine za bodi, kupitisha bajeti, kupokea taarifa, kumlaki mgeni rasmi, ni ndogo zikilinganishwa na uwezo wa kulitamka neno hilo moja siku linapohitajika na likasikika. Mwasisi anaweza kuongoza, tena aongoze. Ila asiwe yeye anayeandika kumbukumbu za watu wanaopaswa kumsimamia, na asiongoze mpaka azeeke pale pale kama kwamba shirika ni shamba la urithi.

Kuna kizuizi kingine ambacho sijaona kikisemwa. Siku ya kile kikao chetu kirefu, mjumbe mmoja aliuliza kama shirika lina sera ya ulinzi wa mtoto. Mkurugenzi akaenda kabatini, akaleta kitabu kizuri chenye kurasa zaidi ya thelathini, na ndani yake kila kitu kilikuwa kimeandikwa: nani aripotiwe, ndani ya saa ngapi, mtuhumiwa asimamishwe vipi, mtoto alindwe vipi. Kilikuwa cha Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mpishi alikuwa ameishia darasa la saba na mlezi alikuwa na cheti cha malezi. Wote wawili walikuwa wametia saini ukurasa wa mwisho kuthibitisha kwamba wamesoma na kuelewa. Na sisi wa bodi? Kati ya saba, watatu labda tungeweza kukisoma bila kuchoka, na hatukukisoma. Mfadhili alikitaka, mshauri akalipwa kukiandika, kikawekwa kabatini. Katiba za mashirika, sera zake na hesabu zilizokaguliwa zikiandikwa kwa lugha ambayo mpishi, dereva, mzazi na mtoto hawaisomi, basi zimeandikwa ili ziwe siri, hata kama hakuna aliyekusudia siri. Namshangaa mtu anayefanya kazi mji huu, ambao Kiswahili chake kinaazimwa na wengine, akashindwa kuandika kwa Kiswahili kwamba mtoto akilalamika aende kwa fulani.

Kwenye fedha sitakaa sana. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze hadharani kiasi lilichopata na lilivyokitumia, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalikazia utoaji wa hesabu zilizokaguliwa. Ni vizuri, ingawa tangazo dogo gazetini la tarakimu tupu halimfikii mzazi wa Nia Njema au Mlingotini. Karatasi moja iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, ikisema kwa maneno ya kawaida kwamba tulipokea kiasi hiki, mishahara ilichukua hiki, watoto walifikiwa na hiki, ingezua maswali mengi zaidi, na pengine ndiyo sababu haibandikwi.

Ukiniuliza uongozi mzuri wa kazi hii unafananaje, nitakuonyesha mfano mmoja wa hapa hapa nchini. Rebeca Gyumi, mwasisi wa Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kusubiri afikishe 18, na mahakama iliweza kutoa kibali hata kwa aliye na miaka 14. Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ulipita, na mingine juu yake, na huo ni mjadala wa barua nyingine. Ninachokitaja hapa ni namna. Hoja iliwekwa hadharani, mbele ya watu waliolipwa kuipinga na majaji walioapa kuipima, na aliyeileta alikubali kuulizwa kila kitu. Ni vigumu kwangu kuelewa jinsi shirika linavyoweza kudai Serikali ijibu maswali juu ya watoto, na lenyewe likaudhika likiulizwa dereva amekwenda wapi.

Limebaki suala la watoto wenyewe. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na kifungu cha 11 cha Sheria yetu ya Mtoto, vinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Sisi tumezoea kuitimiza haki hiyo tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ambapo watoto wanakariri ngonjera iliyoandikwa na mwalimu, mgeni rasmi anapiga makofi, soda zinagawiwa, na jua la saa saba linawakuta wanarudi nyumbani kwa miguu. Siku yenyewe inawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana mwaka 1976, ambao hakuna aliyewaandikia maneno ya kusema. Shirika letu lilikuwa na sanduku la maoni la watoto, limepakwa rangi ya buluu na kutundikwa ukutani. Ufunguo wake ulikaa mezani kwa mkurugenzi.

Sidai kwamba mtoto wa miaka kumi aketi kwenye bodi apitishe bajeti; wanaopendekeza hivyo wanataka picha nyingine tu. Ninachosema ni kwamba wajumbe wawili wa bodi, mmoja wao akiwa mwanamke, wanaweza kwenda kukaa na watoto kila muhula bila mfanyakazi yeyote kuwapo, wakawasikiliza, na yale yaliyosemwa yakawa ajenda ya kwanza ya kikao kinachofuata, kabla ya fedha. Na namba 116, ya simu ya bure ya huduma kwa mtoto, iandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Vijana wangu walirudi siku ya kumi, kama tulivyoagana. Niliwaambia kwamba jina langu siwapi peke yake. Wakinitaka, nitakuja na maswali yangu. Sitatia saini muhtasari wa kikao ambacho sikukaa. Katibu wa bodi asiwe mkurugenzi. Katiba na sera ya ulinzi wa mtoto ziandikwe Kiswahili kwanza, na mfadhili atafsiriwe baadaye akipenda. Mfanyakazi yeyote anayeambiwa jambo na mtoto alipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii siku ile ile, bila kuomba ruhusa ya mtu, na asiguswe kazini kwa sababu hiyo. Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mfadhili akikataa masharti hayo, Mwalimu?" Nikamwambia kwamba basi watakuwa wamemjua mapema. Walichukua katiba yao wakaondoka, na kwa namna walivyoniaga nilidhani hawatarudi.

Ijumaa iliyopita yule binti alikuja peke yake. Alikuwa na kurasa nne alizoziandika kwa mkono, kwa Kiswahili, nyingine zikiwa zimefutwa na kuandikwa upya pembeni. Alinisomea ibara ya kuripoti, akaisahihisha mahali pawili akiwa anaisoma, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka mitano ya bodi sikuwahi kulisikia, wala mimi mwenyewe kulifikiria: mpishi, kwa kuwa ndiye watoto wanayemwambia mambo, ana nafasi gani kwenye kikao? Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikampa kalamu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo.
(Jina langu nimemwachia mhariri.)